Kinywa Hakatizwi

Mimi naosha utumbo wa ng'ombe kila asubuhi. Nauza supu hapa Kilosa, nyuma ya stesheni ya zamani, na kabla vijana wa bodaboda hawajaja kunywa, mimi nimeshageuza matumbo, nimekwangua, nimemwaga yale ya kijani yanayotoka ndani. Kwa hiyo si mtu wa kutapika ovyo. Lakini nikimsikia mtu mzima mwenye ndevu zake anavuta pumzi na kusema "enzi zetu," tumbo linanichafuka mpaka natafuta limau.

Enzi zetu zipi? Mimi nilikuwepo. Kibanda cha gemu cha Ditram kilikuwa ubavuni mwa nyumba ya shangazi yangu. Bati limetoboka, mkeka mmoja, televisheni moja ya chogo ambayo bila kupigwa kofi haikuonyesha kitu, na kaseti za gemu zilizopulizwa na kila mdomo wa mji huu, wenye mafua na wenye vidonda. Watoto walijazana humo na mapunye yao. Aliyebanwa na mkojo hakutoka nje asije akapoteza zamu. Aliumaliza hapo hapo ukutani. Asiyekuwa na hela ya kuingilia aliiba mahindi ya mama yake. Ndizo hizo enzi zetu, na zilinuka.

Kitu kimoja tu mle ndani kilikuwa na maana, nacho hakikuhitaji umeme. Umeme ulipokatika, Ditram hakuwafukuza watoto. Alisukuma televisheni pembeni, akakunjua mkeka, akamwaga vizibo vya soda. Kila mmoja alichagua kizibo chake na kukipa jina, na hicho ndicho kilikuwa mtu wake. Punje nne za mahindi zilizochomwa upande mmoja zilirushwa kuamua nani ameruka salama na nani ameteguka mguu. Ditram alisimulia. Walimwita Kinywa. Aliwaambia mmefika wapi na mmekuta nini, kisha akauliza, "Mnafanya nini?" na wao wakajibu. Kisa kilikuwa kimoja, kilichoendelea miezi na miezi: mtu ameiba kengele ya stesheni ya Kilosa, treni hazijui tena saa ya kuondoka, na vizibo wanamfuata mwizi kwa miguu juu ya reli, Kidete, Gulwe, na kuendelea.

Sheria ilikuwa moja. Kinywa hakatizwi. Ukimkatiza anaposimulia, mtu wako amekufa, na hakuna pa kukata rufaa.

Aliyekufa lazima azikwe, na hapo ndipo nilipoingia mimi. Nusu ya wale wavulana walikuwa watoto wa reli, Wanyamwezi ambao baba zao waliletwa na kazi kutoka Tabora. Mimi ni Mkaguru wa Berega. Mkaguru na Mnyamwezi ni watani, na Mnyamwezi hazikwi vizuri kama mtani wake hajasimama pale kaburini akaeleza ulafi wake, uvivu wake na namna alivyoogopa maji ya kuoga. Basi kizibo cha Mnyamwezi kikifa, walipiga kelele juu ya ukuta, "Tuleteeni Mkaguru!" Nami niliacha vitumbua vya shangazi, nikaja na mafuta mikononi, nikakisimamia kizibo na kukitukana mpaka kibanda kizima kikalia kwa kicheko. Kabla sijatukana, mwenyewe hakuruhusiwa kuchukua kizibo kingine.

Niliyemzika mara nyingi kuliko wote alikuwa Nickson Mihayo, kwa sababu hakuweza kufunga mdomo wake. Na kwa matusi hayo hayo Ditram alinipenda akanioa.

Kengele haikupatikana. Ditram alipata kazi kwenye mashine ya kusaga kule Magole, wavulana wakatawanyika, kibanda kikawa banda la kuku. Mwizi ni nani, Kinywa peke yake ndiye aliyejua. Hata mimi mkewe hakuniambia. "Watu wako njiani bado," alikuwa akisema, "nitasemaje mwisho?"

Mwaka juzi kiharusi kikampiga. Kilimwachia mkono mmoja, mguu mmoja na akili zake zote, kikamharibia ulimi. Maneno anayo, ila yanatoka moja moja, kama ng'ombe wanaovushwa mto, na kati ya moja na jingine unaweza kumenya kitunguu. Watu hawana subira hiyo. Akisema "Na... o..." mteja wangu anadakia, "Unaomba maji? Unaomba dawa? Choo?" Siku nyingine alikuwa anataka tu kusema naona mvua inakuja. Alichoka kumaliziwa maneno na watu, akanyamaza kabisa. Nyumba ikawa na mwanamume aliyekaa barazani akiangalia kuku.

Ndipo Nickson akapiga simu.

Alikuwa ameshakuwa tajiri, ana bustani ya vinywaji na vyumba vya wageni kule Mikumi, karibu na yanapolala malori. Alilia kwenye simu, na nasema kweli, machozi yalikuwa ya kweli, nilimsikia akipenga. Alisema amejenga kibanda kama kile chetu, kinafunguliwa Jumamosi, amewaalika watu wa Dar na Morogoro, na anamtaka Ditram akunjue mkeka, amalize kile kisa.

"Tutakufa bila kumjua mwizi wa kengele, mtani!" alisema. "Mlete kaka yangu."

Nilimweleza kuhusu ulimi.

"Tutamsubiri," akasema. "Si ndiyo sheria ya mkeka? Kinywa hakatizwi."

Jioni ile Ditram aliniomba kile kitambaa alichofungia vizibo vyake vya zamani. Tangu siku hiyo, kila nilipomaliza kuuza supu nilimkuta barazani anawasimulia kuku. "M... me... fi... ka... mto... ni." Alirudia mpaka jasho likamtoka, ila mwisho hakuutamka hata kwa kuku. Hakuwa ametaka kitu chochote tangu alipougua, hata nyama hakuitaka, na sasa alitaka jambo moja: kusimulia mpaka mwisho mbele ya watu wanaojua kusubiri. Niliogopa, siwezi kusema sikuogopa. Lakini nilimwambia, "Watasubiri, baba Letisia. Wale wanaijua sheria." Akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Gari alilotuma Nickson lilitufikisha Mikumi Jumamosi mchana. Langoni palikuwa na bango, ENZI ZETU, na tumbo langu likaanza pale pale.

Kile kibanda kilikuwa cha saruji iliyopakwa rangi ya udongo, na fundi alikuwa amechora nyufa kwa brashi. Wahudumu, wanaume wazima wenye vitambi, walivaa kaptula za kaki zenye viraka matakoni, viraka vipya juu ya kitambaa kipya kisichotoboka popote. Waligawa barafu za ukwaju kwenye glasi zenye miguu mirefu. Televisheni ya chogo ilikuwepo, lakini ilikuwa imetolewa matumbo. Mimi mnyama aliyetolewa matumbo namjua hata kwa mbali. Ndani yake waliweka skrini bapa. Wageni walipanga foleni wapulize kaseti na kupigana picha, mate juu ya mate, na kaseti zenyewe hazikuchomekwa popote.

Nickson alikuja mbio, mikono imefunguka. "Watumwa wangu hao! Wakaguru mmeshuka mlimani kuomba chumvi?"

"Tumekuja kukubebesha mzigo, pagazi wewe," nikamjibu, maana utani ni haki yake.

Alifurahi kama mtoto. Akavuta pumzi kwa pua. "Unasikia harufu? Nimenyunyiza mafuta ya taa kwenye pembe. Unaikumbuka ile harufu?"

"Nakumbuka mkojo. Huo mbona umeusahau?"

Alicheka mpaka akanishika bega. Mimi sikuwa natania.

Mkeka ulitandikwa jukwaani, mpya, bado una alama za kukunjwa. Vizibo vilikuwa vimechapwa jina la bustani yake. Ditram alitoa kitambaa chake mfukoni, lakini Nickson alimzuia kwa upole, akamwambia vya kwake havitaonekana vizuri kwenye picha. Wala hakumkalisha mkekani. Alimweka kwenye kiti kirefu ili watu wa nyuma wamwone, akamwekea kipaza sauti mbele ya mdomo.

"Ndugu zangu," Nickson akatangaza, "huyu ndiye Kinywa! Huyu ndiye utoto wangu!" Akafuta machozi. Simu zote zikainuliwa.

Ditram akaanza.

"M... me..."

Alikuwa anaendelea vizuri. Nilikuwa nahesabu pumzi pamoja naye, naujua kila mlima wa sentensi ile.

"...fi... ka..."

Mwanamke mmoja wa mbele alishusha simu, akamtazama mwenzake. Mtu akakohoa. Nickson alikuwa anatabasamu, lakini goti lake lilianza kucheza.

"...mto..."

"Mmefika mtoni!" Nickson akadakia, kipaza sauti cha pili mkononi. "Mkondoa umefurika, ndugu zangu! Mtafanya nini?"

Watu wakashangilia. Ditram akamwangalia, akasubiri kelele ziishe, akaanza tena kwa sentensi inayofuata. Nickson akaimaliza hiyo pia. Ikawa hivyo: mgonjwa anatoa kichwa cha neno, mzima anamkata na kuwatupia watu mwili uliobaki. Na alikuwa anakosea! Ng'ambo ya mto, nilivyomsikia barazani, kulikuwa na taa, yeye akaweka chui. Mwishowe, kwa kuwa nyama choma ilikuwa tayari, akaruka mpaka mwisho wa kisa. "Na kumbe mwizi wa kengele alikuwa nani? Mkuu wa stesheni mwenyewe!" Makofi, vigelegele. Mwisho aliuokota pale pale kichwani mwake, kama mtu anayeokota kijiti cha kuchokolea meno.

Ditram alikuwa bado amefungua mdomo. Mate yalimtiririka upande ule uliolala. Nickson akachukua karatasi laini, akainama, akamfuta mbele ya simu zile zote, taratibu, huku uso ameugeuzia kwenye kamera. "Nguli wetu," akasema. Watu wakaguna kwa huruma. Mimi namfuta mume wangu kila siku, ni mate tu, sina shida nayo. Lakini kufuta kule kulinipandisha nyongo mpaka kooni.

Nikapanda jukwaani na viatu vyangu.

"Nickson Mihayo," nikasema, na kile kipaza sauti kikanipokea. "Wewe ni nzi. Umetua kwenye kidonda cha mwenzako unakiita chakula."

Bustani nzima ikaangua kicheko.

"Mnamsikia mtumwa wangu?" Nickson akapaza sauti kwa furaha. "Ndugu zangu, huyu ni mtani wangu! Huyu ndiye alikuwa anatuzika! Endelea, mtani!"

"Umechimba kaburi la mtu anayepumua ukaweka meza za bia juu yake."

"Weee!" watu wakaitikia. Mmoja alipiga meza.

"Hukumpenda Ditram, unajipenda mwenyewe ulipokuwa na meno yote! Unanuka, Nickson! Unanuka kuliko ule mkojo!"

"Ongeza, mama!" akapiga kelele mwanamume mwenye barafu ya ukwaju.

Nickson alikuwa ameshika tumbo, machozi ya kicheko yakichanganyika na yale ya mwanzo. Hapo ndipo nilipoelewa. Mdomo wangu haukuwa na neno lolote la kumfikia. Tusi likitoka kwa mtani ni zawadi, na kadiri nilivyomchukia ndivyo alivyozidi kunenepa. Ningeweza kumtemea mate usoni akayapangusa akashukuru. Mwiba ulikuwa ndani yangu, na kila nilipomchoma nao yeye alisikia mtekenyo.

Basi nikashusha sauti. Nikakunja magoti kidogo, kama ninavyofanya mbele ya baba mkwe, nikainamisha macho.

"Shikamoo, baba."

Watu wakacheka tena, wakidhani ni mchezo unaendelea. Nickson naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Mtani hapewi shikamoo. Tena mimi na yeye ni rika moja, tumezaliwa msimu mmoja wa mvua.

"Acha hizo, mtani."

"Tunakushukuru kwa mwaliko, baba. Mungu akuzidishie. Tunaomba ruhusa yako tuondoke, mgonjwa amechoka."

"Vaileth." Aliushusha mkono wenye kipaza sauti. "Nitukane basi."

"Siwezi kumtukana mkubwa wangu, baba."

Nikamshika Ditram kwapani, tukashuka ngazi pamoja, mguu mmoja kwanza na mwingine ukifuata. Kile kitambaa chake cha vizibo hakikuwa kimefunguliwa. Njia nzima mpaka Kilosa hakutamka hata nusu neno, na siku zilizofuata hata kuku hakuwasimulia tena. Nilimwona anawaangalia tu, nikamlaani Nickson kila nilipokwangua utumbo.

Wiki iliyofuata, asubuhi, wateja wakiwa na mabakuli mikononi, gari likasimama. Nickson akashuka peke yake, bila wapiga picha, akaanza kupiga kelele tangu barabarani kama mtani anavyopaswa kuingia.

"Wako wapi watumwa wangu? Wakaguru wezi wa ndizi, nimekuja kuwahesabu! Nani aliyewapa ruhusa ya kupika kabla sijanawa?"

Vijana wa bodaboda wakageuka kunitazama kwa hamu. Wanaujua ulimi wangu, walitaka kusikia nitamvua nguo vipi.

Nikafuta kiti kwa kanga. "Shikamoo, baba. Karibu ukae. Utakunywa supu, au nikuagizie soda?"

Kijana mmoja akaweka kijiko chini.

"Silali vizuri, Vaileth," akasema kwa sauti ndogo.

"Pole sana, baba."

Hakukaa kwenye kiti. Akanipita mpaka barazani alipo Ditram, akavua viatu vyake vya gharama, akakaa chini kwenye mkeka wetu wa zamani uliochakaa. Hakusema enzi zetu. Hakutoa simu. Alikaa tu, mikono mapajani. Nasema ukweli, moyo ulinigeuka kidogo. Nikajiambia, akikaa hivyo hivyo mpaka mwisho, nitamtukana mpaka jioni.

Ditram alimtazama muda mrefu. Halafu akafungua kitambaa. Akachakura kwa ule mkono mzima, akatoa kizibo kimoja chenye tundu la msumari, akakiweka mbele ya Nickson. Kilikuwa chake, alichokichagua akiwa na mapunye kichwani. Nickson akaziba uso.

"M... me..." Ditram akaanza. "...fi... ka..."

Nickson alishusha mikono. Akauma mdomo wa chini. Nilisimama mlangoni na upawa wangu.

"...mto... ni."

Alisubiri! Sentensi nzima ilivuka na yeye hakuigusa. Uso wa mume wangu ukapata damu.

"Re... li..." Ditram akaendelea, "...i... me..."

"Imening'inia!" Nickson akapiga kelele, uso unang'aa, mikono juu. "Imening'inia hewani! Nakumbuka kila neno, kaka! Kila neno!"

Hata yeye mwenyewe alisikia alichofanya, ila alikisikia kikiwa kimeshatoka. Ditram hakukasirika. Alinyoosha mkono, akakigeuza kile kizibo kifudifudi.

"Umekufa," akasema.

Neno lilitoka zima, kwa mkupuo mmoja, bila kukwama popote. Tangu augue sijamsikia akitamka neno namna ile.

Nickson alicheka kidogo. Kisha akageuka kuniangalia mimi mlangoni. Anaijua sheria kama ninavyoijua. Akishazikwa, anachukua kizibo kingine anaanza upya, na wa kumzika Mnyamwezi pale alikuwa mmoja tu. Alinikodolea macho kama mbwa aliyefungiwa nje.

"Nizike, mtani," akasema.

Matusi nilikuwa nayo. Yalijaa kinywani, matamu, ya siku nyingi, na lingetoka moja tu tungekuwa tumemaliza ugomvi. Lakini nilimwona tena anainama na ile karatasi yake laini, uso kwenye kamera. Nikakunja magoti.

"Shikamoo, baba."

Alikaa pale mkekani muda mrefu. Supu ilichemka, treni ya mizigo ikapita na kwenda zake. Mwishowe akaanza kutafuta viatu vyake kwa mikono, bila kuvitazama.

"Marahaba," akasema.

Akavaa, akaenda kwenye gari lake, na wateja wakarudia mabakuli yao bila kunitazama.

Ditram hakuwa ameondoa macho mkekani. Midomo yake ilikuwa bado kwenye neno lile lile alilokatizwa, anatafuta pa kuliendeleza. "...me... ni..." Niliweka upawa chini, nikajifuta mikono kwenye kanga, nikakaa alipokaa Nickson. Nikachukua kizibo. Supu ya siku ile ilikaukia jikoni, na mwizi wa kengele nikamjua.